Pale programu mpya inapogoma kuingia katika Unix kongwe

KATIKA vyumba vya kompyuta vya taasisi nyingi duniani, pembeni mwa mashine mpya zinazobadilishwa kila baada ya miaka michache, bado zipo mashine ambazo hakuna anayependa kuzigusa. Ziliwashwa zamani, zinafanya kazi yake usiku na mchana, na mara nyingi fundi aliyeziandaa amekwisha kustaafu au kuhamia kwingine pamoja na siri zake.

Nyingi ya mashine hizo zinaendeshwa kwa Unix, mfumo uliozaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Miongoni mwa Unix zilizopata sifa kubwa katika mabenki, kampuni za simu na vyuo vikuu ni Solaris ya kampuni ya Sun Microsystems, ambayo toleo lake la 10, lililotolewa mwaka 2005, bado linakutwa likifanya kazi.

Sun yenyewe haipo tena. Ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010, na baada ya hapo viraka vya mfumo huo, yaani marekebisho yanayotolewa ili kuziba kasoro, vikawa vya wateja wenye mkataba wa huduma. Waliobaki nje ya mkataba wanajitegemea.

Maadamu mashine inafanya kazi ileile ya kila siku, hakuna anayelalamika. Balaa huanza siku inapotakiwa kufanya jambo jipya.

Na uchukuliwe mfano wa idara ya mishahara yenye seva ya Solaris 10. Kila mwisho wa mwezi, saa nane za usiku, seva hiyo hutuma benki faili lenye majina na viwango vya mishahara kwa njia ya SSH, ambayo huyafunga mazungumzo kwa msimbo ili asiyehusika asiyasome. Mwezi mmoja benki inabadilisha seva yake. Faili linagoma kwenda, na zimebaki siku nne kabla ya wafanyakazi kwenda kutazama akaunti zao.

Mfano huo ni wa kufikirika, lakini chanzo cha mgomo ni cha kweli. Programu ya OpenSSH, inayotumiwa na seva nyingi duniani, katika toleo lake la 8.8 la Septemba 2021 iliacha kukubali, isipokuwa kwa kuamriwa waziwazi, sahihi za RSA zinazotengenezwa kwa kanuni ya zamani ya SHA-1. SSH iliyokuja ndani ya Solaris 10 hutegemea sahihi za namna hiyo. Mazungumzo hukatika kabla hata neno la siri halijaulizwa.

Benki haiwezi kulaumiwa kwa kukataa kurudi nyuma. Mwaka 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Uholanzi walitengeneza mafaili mawili tofauti yenye alama moja ya SHA-1, jambo ambalo halikupaswa kuwezekana. Tangu hapo hakuna mwenye kujali usalama anayeitegemea kanuni hiyo kwa moyo mweupe. Anayetakiwa kubadilika ni upande wa mishahara, na mabadiliko yenyewe yanasikika kuwa madogo: kuweka OpenSSH mpya katika mashine ya zamani.

Kabla ya kupakua chochote, fundi hana budi kuitambua mashine aliyo nayo. Amri ya uname -a humweleza toleo la mfumo, na isainfo -kv humweleza kama kiini chake ni cha biti 32 au 64, na kama prosesa ni ya ukoo wa SPARC, ulioasisiwa na Sun, au wa x86 uliomo katika kompyuta za kawaida. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya x86 haiendeshwi na SPARC hata ikibembelezwa, ingawa mafaili yote mawili yanaweza kuwa na jina lilelile. Amri ya file, ikipewa jina la programu, hutaja ni ya prosesa gani.

Kupakua nako kuna mtihani wake. Tovuti za leo huzungumza kwa TLS 1.2 au toleo jipya zaidi, ilhali maktaba ya usalama ya OpenSSL iliyokuja na Solaris 10 ni ya mfululizo wa 0.9.7, ulioishia TLS 1.0. Hata mashine iliyowekewa OpenSSL ya baadaye kidogo inaweza kukwama kwenye vyeti. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi, DST Root CA X3, kiliisha muda wake, na programu nyingi za zamani zikaanza kuzikataa tovuti ambazo hazikuwa na dosari yoyote.

Kuilazimisha seva ya mishahara itoke kwenda kwenye intaneti si dawa. Faili hupakuliwa kwa kompyuta mpya, likahakikiwa kwa namba ya uhakiki iliyotolewa na watunzi wake, kisha likahamishwa kwa mtandao wa ndani. Wanaohamisha kwa FTP wakumbuke kuchagua hali ya binari. Ikiachwa katika hali ya maandishi, FTP hubadilisha alama za mwisho wa mstari ndani ya faili, na kifurushi hufika kikiwa na jina sahihi na tumbo lililoharibika. Solaris 10 ina amri ya digest, inayokokotoa namba ya uhakiki upya ili ilinganishwe na ile ya mwanzo.

Saa ya mashine nayo itazamwe. Katika baadhi ya mashine za SPARC za miaka ya 1990, chipu inayotunza saa ina betri ndani yake. Betri ikifa, tarehe hupotea, na pamoja nayo namba ya utambulisho wa mashine, hostid, ambayo baadhi ya programu za kulipia zimefungwa kwayo. Kwa anayesakinisha, tarehe mbaya huichanganya amri ya make, kwani yenyewe huamua nini kijengwe na nini kiachwe kwa kulinganisha umri wa mafaili.

Baada ya hapo huja kazi ya kufungua kifurushi. Amri ya tar ya Solaris ni ya ukoo wa zamani, na haifahamu namna tar ya mradi wa GNU inavyohifadhi majina marefu ya mafaili. Matokeo yake ni ujumbe wa kosa la uhakiki na faili la ajabu liitwalo @LongLink. Wengi hudhani kifurushi kimeharibika njiani, wakakipakua tena na tena. Kifurushi ni kizima. Solaris 10 yenyewe ina tar ya GNU, kwa jina la gtar, katika folda ya /usr/sfw/bin.

Mahali pa kufungulia pia pana maana. Katika Solaris, folda ya /tmp haikai kwenye diski kama wengi wanavyodhani, bali katika kumbukumbu ya mashine na eneo la diski linaloisaidia kumbukumbu hiyo. Anayefungua kifurushi kikubwa ndani ya /tmp anakula kumbukumbu ileile inayotumiwa na hifadhidata ya mishahara. Kumbukumbu ikiisha, programu zisizohusika kabisa huanza kuanguka, na lawama huelekezwa kusikostahili. Folda ya /var/tmp iko kwenye diski na ni salama zaidi, mradi amri ya df -k imeonyesha kuwa nafasi ipo.

Kinachofuata huwashangaza zaidi vijana waliolelewa kwenye Linux. Wanaandika make, na mashine inajibu kuwa haijui amri hiyo. Kumbe make ipo, ila imewekwa katika /usr/ccs/bin, folda ambayo kwa kawaida haimo katika PATH, yaani orodha ya mahali ambapo mashine hutafuta amri. Ni kama mgeni kuambiwa nyumba haina chumvi, kumbe chumvi iko katika kabati ambalo mwenyeji hakulifungua.

Wanaandika cc ili kuita kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunzi kuwa lugha ya mashine. Kama PATH inapitia /usr/ucb, jibu wanalopata ni kwamba kifurushi cha lugha, ambacho ni cha hiari, hakikusakinishwa. Sun iliitenga kompaila na mfumo tangu miaka ya mwanzo ya Solaris na kuiuza peke yake, ikaacha mahali pake hati fupi ya kutoa ujumbe huo. Kompaila ya bure ya GNU, gcc, imo katika folda ileile ya /usr/sfw/bin ilimo gtar, iwapo aliyeuweka mfumo hakuiruka.

Kisha hati ya configure, inayoikagua mashine kabla ya ujenzi kuanza, inakufa ikilalamikia alama ya dola. Hapa sababu ni sheli, yaani mkalimani wa amri. Ile iliyomo katika /bin/sh ya Solaris 10 ni sheli ya asili ya Bourne, ambayo haielewi mtindo wa kuandika $( ) uliozoeleka katika hati za leo. Njia sahihi ni kuiendesha hati kwa sheli nyingine iliyomo ndani ya mfumo, kama bash au ksh, na kuitaja katika CONFIG_SHELL.

Wapo wanaoshawishika kuiondoa /bin/sh na kuweka bash mahali pake. Hati za kuwashia mfumo ziliandikwa kwa ajili ya sheli ya zamani, na mwenye kufanya hivyo atakijua alichokifanya siku umeme utakapokatika na mashine kulazimika kuwashwa upya.

Awk nayo ni ya kale. Ikiudhika husema kuna kosa la sarufi karibu na mstari wa kwanza, kisha hutangaza kuwa inajiokoa, kana kwamba ni rubani aliyeamua kuruka na mwavuli. Dada yake mdogo, nawk, yumo katika folda hiyohiyo akisubiri kuitwa.

Hayo yote ni matatizo ya anwani na ya umri, na kila moja huchukua dakika chache kwa anayelijua. Lililo zito zaidi ni mnyororo wa mahitaji. OpenSSH kwa kawaida hujengwa juu ya OpenSSL. Tangu toleo la 9.4 la mwaka 2023, OpenSSH imekuwa ikidai OpenSSL isiyopungua toleo la 1.1.1. Nayo OpenSSL 1.1.1, ili ijengwe, inadai lugha ya Perl isiyopungua 5.10. Solaris 10 ina Perl 5.8.4. Fundi aliyekwenda kuweka programu moja anajikuta anajenga ya tatu, na siku ya pili kati ya zile nne imekwisha.

Hapa ndipo uamuzi unapohitajika kuliko ustadi, kwa sababu njia ni zaidi ya moja na zote zina gharama. Ya kwanza ni kuridhika na OpenSSH ya nyuma kidogo. Sahihi mpya za RSA, zinazotumia SHA-2, zimo katika OpenSSH tangu toleo la 7.2 la mwaka 2016, na matoleo ya miaka iliyofuata hujengeka juu ya OpenSSL 1.0.2 bila kudai Perl mpya. Lakini marekebisho ya bure ya OpenSSL 1.0.2 yalikoma mwishoni mwa mwaka 2019, na kuichagua leo ni kuingiza ndani ya nyumba kitu ambacho fundi wake amekwisha kufunga duka.

Ya pili haijulikani sana. OpenSSH inaweza kujengwa bila OpenSSL kabisa, kwa kuiambia configure neno --without-openssl. Programu inayopatikana ina uwezo mdogo, haijui RSA, lakini inazijua funguo za Ed25519 na namna kadhaa za kisasa za kuficha mazungumzo. Iwapo seva ya benki nayo ina ufunguo wa Ed25519, na iwapo benki iko tayari kupokea ufunguo wa namna hiyo kutoka kwa mteja, mnyororo wote unakatika kwa neno moja. Ni swali la kuulizwa kwa simu siku ya kwanza, si ya tatu.

Ya tatu ni kukubali kuijenga Perl mpya katika folda yake yenyewe, bila kuigusa ile ya mfumo, kisha OpenSSL, kisha OpenSSH. Ni ndefu, lakini ndiyo inayoacha mashine katika hali nzuri zaidi, na anayekusudia kuitumia seva hiyo kwa miaka mingine afadhali aifuate mara mishahara ya mwezi itakapokuwa imekwisha kutoka.

Njia yoyote itakayochaguliwa, kazi kubwa ya fundi ni kusoma. Ujenzi unaposhindwa, skrini hujaa mistari mamia, na jicho hushika ule wa mwisho kwa kuwa ndio uliobaki mbele yake. Mara nyingi mstari huo hausemi lolote zaidi ya kwamba make imeacha kazi. Chanzo kiko juu: faili moja la vichwa halikupatikana, na yote yanayofuata ni watoto na wajukuu wa kosa hilo. Kwa sababu hiyo matokeo ya make huelekezwa katika faili na kusomwa kuanzia juu, na configure inaposhindwa, sababu ya kweli hukutwa ndani ya config.log.

Hakuna mahali ambapo kanuni hiyo huonekana wazi kuliko siku programu inapokuwa imejengwa, imewekwa, na kuitwa kwa mara ya kwanza. Solaris huandika mstari mrefu kwamba kiunganishi, ld.so.1, hakikuweza kufungua maktaba fulani, tuseme libcrypto. Chini yake huongeza neno moja tu, kwa Kiingereza, lenye maana kwamba programu imeuawa. Mgeni wa mfumo hulisoma neno hilo la mwisho na kuanza kumtafuta muuaji: kirusi, kumbukumbu kuisha, au mtu aliyeingia kutoka nje. Hakuna aliyeua. Mstari wa juu umekwisha kusema kila kitu.

Maktaba katika lugha ya kompyuta ni mafaili ya kazi ambazo programu nyingi huzitumia kwa pamoja, ili kila moja isibebe nakala yake. Programu inapoitwa, kiunganishi huzitafuta maktaba zake na kuziunga nayo. Katika Solaris 10 hutafuta /lib na /usr/lib, na 64-bit huwa na folda zake ndani ya hizo. Haitafuti /usr/local/lib wala folda nyingine ambayo fundi ameibuni, hata kama maktaba inayotakiwa imo humo, nzima na ya toleo sahihi.

Amri ya ldd, ikipewa jina la programu, huorodhesha maktaba zote zinazohitajika na kuonyesha kila moja imepatikana wapi, au haikupatikana. Mara nyingi inayokosekana si ile iliyotarajiwa. Programu zilizojengwa kwa gcc huweza kuhitaji libgcc_s, maktaba ndogo ya kompaila yenyewe, na aliyechukua kifurushi kilichojengwa na wengine bila kuchukua kifurushi hicho kidogo hukwama hapo. Pale ldd isipotosha, truss huifuata programu hatua kwa hatua na kuandika kila faili inalojaribu kulifungua, kwa mpangilio wake. Hakuna amri nyingine katika Solaris ya zamani inayomaliza ubishi kwa haraka kama hiyo.

Tiba za ugonjwa huu ni tatu, na hazilingani. Inayojulikana zaidi ni kuandika folda ya maktaba katika LD_LIBRARY_PATH. Inafaa kwa jaribio, lakini ikiachwa iwe ya kudumu, kila programu atakayoiita mtumiaji huyo itapitia maktaba mpya kwanza, zikiwamo programu zilizojengwa kwa ajili ya zile za zamani.

Ya pili ni crle, amri inayobadilisha orodha ya mfumo mzima, na ndiyo iliyowaliza wengi. Anayeandika crle -l /usr/local/lib hudhani anaongeza folda moja. Kwa kweli ameifuta orodha ya awali na kuweka yake. Kuanzia sekunde hiyo karibu kila amri, hata ls, hutafuta maktaba zake mahali zisipokuwapo na kufa. Waliokwisha kuingia katika mashine wanabaki na sheli iliyo wazi mikononi na amri zisizofanya kazi. Herufi moja, -u, ndiyo inayoifanya crle iongeze badala ya kufuta.

Aliyekwisha kuteleza bado ana pa kushika, mradi asifunge dirisha lake. Mabadiliko hayo hukaa katika faili moja, /var/ld/ld.config. Akiweka LD_NOCONFIG=yes katika sheli ileile, kiunganishi hulipuuza faili hilo na amri hufufuka, naye anaweza kulifuta na kuvuta pumzi.

Ya tatu ndiyo bora. Wakati wa kujenga, kiunganishi huambiwa kwa neno -R ni folda gani programu itazikuta maktaba zake, na anwani hiyo huandikwa ndani ya programu yenyewe. Haiwagusi majirani, wala haihitaji mtu kukumbuka kitu.

Jambo lisilofanywa kwa hali yoyote ni kuchukua maktaba mpya na kuiweka juu ya ile ya mfumo katika /usr/lib. Programu zilizokuja na Solaris zilijengwa kwa kutarajia maktaba zile zile zilizokuja nazo. Anayebadilisha libcrypto ya mfumo ili kuifurahisha OpenSSH mpya anaweza kuziangusha huduma ambazo hakujua kama zinaitumia, na akigusa libc, ambayo karibu kila amri huiegemea, atahitaji kuiwasha mashine kutoka kwenye diski ya CD, kama bado ipo na kama kisomeo chake bado kinasoma.

Programu ngeni hupewa folda yake, kwa mfano chini ya /opt, pamoja na maktaba zake zote. Zile zinazokuja kama vifurushi vya Solaris huwekwa kwa pkgadd, na mfumo huandika kila faili katika daftari lake, /var/sadm/install/contents. Daftari hilo ni la thamani: pkgchk hulitumia kueleza ni faili lipi limebadilishwa tangu lilipowekwa, na kwa kifurushi kipi. Diski ya /var ikijaa katikati ya pkgadd, daftari hilo huwa hatarini, na ndiyo sababu nakala yake huchukuliwa kabla ya kuanza.

Vipo pia vikwazo ambavyo hata mtumiaji mkuu, root, mwenye ruhusa zote, huvikuta vimefungwa. Akijaribu kuunda folda ndani ya /home anaambiwa jambo hilo haliwezekani, kwa sababu /home ni mali ya huduma ya kuunganisha folda za mtandao, na mahali halisi ni /export/home. Aidha, Solaris 10 huweza kugawanywa katika zoni, yaani vyumba vinavyojitegemea ndani ya mashine moja, na katika zoni za aina nyepesi folda ya /usr huazimwa kutoka chumba kikuu kwa kusomwa tu. Root wa zoni akikataliwa kuandika humo si kwamba diski imeharibika. Yumo katika nyumba ya kupanga.

Zoni hizo, kwa upande mwingine, ni msaada mkubwa. Penye nafasi, fundi mwangalifu huunda zoni ya majaribio na kufanyia humo makosa yake yote, huku mishahara ikiendelea kukaa salama chumba cha pili. Pasipo nafasi, hubaki nakala rudufu, ambayo katika diski za UFS huchukuliwa kwa ufsdump, na ambayo haihesabiwi kuwa ipo mpaka faili moja limerudishwa kutoka humo na kufunguka.

Siku ya tatu jioni, katika idara ile ya mfano, OpenSSH mpya imewekwa katika folda yake na faili la majaribio limefika benki. Wahasibu wanapeana mikono. Saa nane za usiku kazi halisi inaanza yenyewe, na inashindwa.

Sababu ni kwamba kazi za usiku huendeshwa na cron, na cron haikai mbele ya skrini. Huipa programu mazingira membamba sana: PATH yake ina folda chache tu, na LD_LIBRARY_PATH aliyoiandika fundi mchana katika dirisha lake haimo. Hati ya zamani ikiita ssh bila kutaja njia kamili, inaikuta ileile ya Sun, na benki inaikataa kama ilivyoikataa mwanzoni. Ikiwa imetajiwa njia kamili lakini programu ilijengwa bila -R, maktaba hazionekani.

Kuna na mtego mwingine katika usiku huohuo. Mara ya kwanza SSH inapokutana na ufunguo wa seva mpya, humuuliza mtumiaji kama anauamini. Fundi alijibu ndiyo akiwa ameingia kwa jina lake. Kazi ya usiku huendeshwa kwa jina la mtumiaji mwingine, ambaye hajawahi kuulizwa, na saa nane za usiku hakuna wa kujibu. Mazungumzo hufungwa. Jaribio linalohesabika ni lile linalofanywa kwa jina la mtumiaji huyohuyo, kwa hati ileile, likiitwa na cron yenyewe mchana, baada ya alama ya ufunguo kusomwa kwa simu na mtu wa benki na kulinganishwa herufi kwa herufi.

Cron haikuficha kosa. Kila kazi inayotoa maneno au kushindwa huandikiwa barua na mfumo, na barua hiyo huwekwa katika /var/mail kwa jina la mtumiaji mwenye kazi. Katika mashine iliyowashwa miaka mingi, faili hilo huwa na maelfu ya barua ambazo hazijawahi kufunguliwa. Barua ya saa nane za usiku iko chini kabisa, na mstari wake wa kwanza unataja maktaba iliyokosekana kwa jina.